Mkanda, Kibaba na Njia ya Tabora

Msikilizaji mpenzi, na wewe msomaji uliyelinunua gazeti hili ukiwa njiani kwenda kazini, juma hili naomba nianze kwa kuungama. Nilimkosea dada yangu mbele za watu, tena mezani. Kwa kuwa kosa lilifanyika hadharani, nimeona na radhi niiombe hadharani. Mwenyewe amenipa ruhusa ya kusimulia, kwa sharti moja tu, kwamba nisimtaje jina.

Dada yangu huyu ni mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Alizaliwa Tabora kama mimi, akaolewa Muscat, kama walivyoolewa wengi wa kwetu, maana udugu wa Tabora na Oman ni wa tangu enzi za misafara. Mwaka jana alikwenda hospitali moja ya huko akafungwa mkanda tumboni. Sisemi mkanda wa suruali. Huu ni mkanda wa silikoni ambao daktari anauzungushia sehemu ya juu ya tumbo la chakula ili mtu ashibe kwa kidogo. Alikuwa na kilo 118, magoti yakimuuma na sukari ikianza kupanda.

Miezi tisa baadaye alikuja Isevya kwenye harusi ya mpwa wetu. Alikuwa amepungua kilo 14. Watu walimtazama juu hadi chini. Shangazi yetu mmoja alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, mbona umepooza hivyo, kwani huko Uarabuni chakula hakuna?" Wengine waliokuwa wamesikia habari za mkanda walinong'ona kwamba fedha zote zile zimekwenda bure, maana bado ni mnene. Mtu mmoja, kwa saa moja, akawa amekonda mno na pia hajakonda vya kutosha!

Na mimi, mtangazaji, mtu wa maneno, badala ya kumkinga nikaongeza langu. Wali ulipoletwa nikasema kwa sauti, "Dada, huyo fundi wa mkanda alikupunja. Mbona tumbo lenyewe halijapata habari?" Watu wakacheka. Dada akanawa mikono, akainuka, akaingia ndani.

Usiku nilimfuata uani kumtaka radhi. Hakukasirika. Alisema jambo ambalo lilinikalia moyoni kuliko matusi. Alisema, "Mdogo wangu, njaa ninayo. Niliambiwa mkanda utaiondoa, baada ya miezi sita nitakuwa mtu mwingine. Miezi sita imepita. Nikikaa na wenzangu wa shifti moja, wao wamepungua kilo 30, mimi 14. Nafikiri kosa ni langu. Nikirudi nitamwambia daktari aukaze mpaka mwisho."

Msikilizaji, hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niketi kuandika, kwa sababu niliyasikia kama maneno ya mtu aliyechoka kiasi cha kutaka kujidhuru.

Kesho yake tulikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 na ambalo sasa ni makumbusho. Hatukwenda kwa ajili ya Mzungu. Tulikwenda kwa ajili ya kivuli cha miembe na kwa sababu tulikuwa tukipelekwa huko tulipokuwa watoto wa shule. Dada alifungua kikopo chake, akatoa samaki na kunde, akawa anakula kwa tonge ndogo za mtoto, akitafuna kila moja kwa muda mrefu. Nilipoitazama ile barabara ya vumbi ndipo nikakumbuka kwamba mahali pale tulipoketi palikuwa mwisho wa safari ya njaa ya maelfu kwa maelfu ya watu.

Tabora, ambayo wageni wa zamani waliiita Kazeh au Unyanyembe, ndiyo iliyokuwa njia panda ya misafara. Kutoka pwani ya Bagamoyo njia ilipanda Usagara, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, ikatokea Tura kwenye mpaka wa Unyamwezi, ndipo ikafika Tabora. Hapo iligawanyika, nyingine kwenda Ujiji ziwani, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu, nguo na shanga. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, begani, mchana kutwa. Njia hiyo hiyo ilipitisha pia watumwa, ambao wao walitembea bila ujira na bila hiari.

Sasa, chakula chao kilikuwaje? Hapa ndipo nilipompata dada yangu katika historia. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, mtama au uwele au mahindi, kiasi cha ratili moja na nusu, karibu gramu 700. Mara nyingi hakupewa nafaka yenyewe, alipewa kipande cha nguo au shanga akanunue mwenyewe kijijini. Penye kijiji alikula. Pasipo na kijiji, au pale ambapo mvua ilikosa, nguo begani haikuliwa! Methali yetu ya haba na haba hujaza kibaba tunaisema leo kama methali ya akiba benki. Lakini kwa mpagazi kibaba kilikuwa kipimo cha uhai wake wa siku moja.

Mgunda Mkali ndiyo iliyotisha kuliko zote. Ni nyika ya vichaka vikavu upande wa Manyoni na Itigi ya leo, ambayo abiria wa gari moshi anaipita usiku akiwa amelala, tangu reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Wapagazi waliivuka kwa akili. Walikuwa na mwendo walioita tirikeza. Walipika na kula mchana penye maji, wakajaza vibuyu, wakaanza safari alasiri, wakalala porini pasipo maji, wakaamka alfajiri na kufika kisima kinachofuata kabla jua halijakaza. Yaani walijua saa gani njaa na kiu vitawapata, wakavipangia. Hawakungoja vifike ndipo washangae.

Lakini akili nayo ina kikomo. Mnamo Januari 1875 msafara wa Stanley, wenye mamia ya watu, uliiacha njia ya Tabora huko Ugogo na kukata kaskazini magharibi kuelekea Ituru. Viongozi wa njia wakatoroka, njia ikapotea vichakani, chakula kikaisha. Watu walikufa kwa njaa humo. Stanley mwenyewe ameandika kwamba alimwaga vitu vilivyokuwa ndani ya sanduku la bati, akalijaza maji, akaliteleka motoni, akapika uji mwepesi kwa unga uliokuwa umehifadhiwa pamoja na dawa, ili kuwalisha watu zaidi ya 220. Wenye nguvu walitumwa mbele Suna kununua nafaka. Uji ule haukumshibisha mtu. Uliwavusha tu mpaka nafaka ilipofika.

Nilipomaliza kumsimulia dada nilijiona nimesema jambo kubwa. Yeye alifunga kikopo chake, akaniambia taratibu, "Hao hawakuichagua njaa. Mimi nimeinunua."

Kweli, nilinyamaza. Na wewe msomaji usije ukadhani ninafananisha mtu anayekufa nyikani na mtu mwenye friji iliyojaa. Haifanani. Ila kuna mmoja asiyeijua tofauti hiyo, naye ni mwili wenyewe. Mwili hauna habari kwamba umeingia hospitali kwa hiari. Ukipunguziwa posho, unafanya kile kile ulichofanya Mgunda Mkali.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikielekea ukingoni, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana 36 waliojitolea, wenye afya njema. Kwa majuma 24 waliishi kwa nusu njaa, ili ijulikane jinsi ya kuwasaidia watu walioharibiwa na vita. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yakapungua, wakawa wanaona baridi, wakawa wepesi wa hasira na huzuni. Walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya, na kulamba sahani. Hawa walikuwa watu wa msimamo, si walafi. Njaa iliwafanya hivyo. Na mwili wao, kwa kujihami, ulipunguza matumizi yake, kama mama wa nyumbani anayeona unga unakwisha akaanza kupika chungu kidogo. Ndiyo maana kupungua huanza kwa mbio, kisha kukawa kwa mwendo wa kobe.

Baadaye sababu nyingine ikajulikana. Mwaka 1999 wataalamu wa Kijapani walitangaza kuigundua homoni inayoitwa ghrelini, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa tumboni na kuupelekea ubongo habari za njaa. Ule upasuaji wa kukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo huondoa pia sehemu inayotengeneza homoni hiyo kwa wingi. Mkanda hauondoi kitu. Unabana tu. Wenzake dada walikuwa wamekatwa tumbo, yeye alifungwa mkanda, halafu akajipima kwenye mizani moja nao! Ni sawa na kumlaumu mpagazi kwa sababu gari moshi limetangulia kufika.

Huo mkanda wenyewe una historia inayotuhusu Waafrika Mashariki. Mtu aliyeuweka mkanda wa kurekebishika kwa mara ya kwanza kwa kupitia matundu madogo, bila kulipasua tumbo zima, ni daktari Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia aliyechunga mifugo utotoni, akasoma, akawa daktari wa upasuaji huko Huy, Ubelgiji. Hiyo ilikuwa mwaka 1993. Fikiri basi. Nchi ambayo dunia iliililia kwa sababu ya njaa ya mwaka 1984 na 1985 ndiyo iliyomzaa mtu wa kutengeneza mshipi wa waliozidiwa na chakula.

Tena neno lenyewe, kurekebishika, ndilo lenye siri. Mkanda una mrija mwembamba unaokwenda kwenye kidude kilichofichwa chini ya ngozi. Daktari huchoma sindano hapo akaongeza maji ya chumvi, mkanda ukakaza, au akayatoa, ukalegea. Majuma ya mwanzo mkanda huwa mlegevu, na njaa inakuwa kama ilivyokuwa. Kisha hukazwa kidogo kidogo, ziara baada ya ziara. Mtu anatarajiwa kupungua nusu kilo, ikizidi sana kilo moja kwa juma, na safari ni ya miaka, si ya miezi. Ukikazwa kupita kiasi haukondeshi zaidi. Mtu anatapika, kiungulia kinampanda usiku, mkanda unaweza hata kuteleza mahali pake. Nyama na mboga hukwama, lakini soda, uji wa sukari na aisikirimu hupita bila kubisha hodi. Kwa hiyo aliyebanwa mno anaishia kuishi kwa vitamu, na uzito unarudi kupitia mlango wa nyuma. Kwa sababu kama hizi madaktari wengi siku hizi wameupa mkanda kisogo, na watu wengi wametolewa ya kwao. Hapa kwetu, Mloganzila, tawi la Hospitali ya Taifa Muhimbili, walianza mwaka 2022 kutumia njia nyingine, ya puto linalowekwa tumboni kwa muda kisha likatolewa. Puto nalo ni la muda. Mtu akishatolewa anabaki na tumbo lake na kibaba chake.

Kuna mkanda mmoja zaidi ambao dada yangu anaukumbuka na mimi nilisimuliwa tu. Baada ya Vita vya Kagera, mwaka 1979, Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Dada alikuwa mtoto. Anakumbuka foleni ya duka, akiwekewa jiwe kushika nafasi, na unga wa njano tuliouita yanga. Anakumbuka mama akitoa michembe na matobolwa, viazi vilivyokaushwa tangu msimu uliopita, akitupimia kwa kiganja. Miezi 18 ikapita, mikanda ikabaki imefungwa. Ukiwauliza wazee nini kiliwavunja moyo, wengi hawatakwambia ni ile njaa, maana njaa waliijua. Watakwambia ni ile miezi 18.

Nami naona hapo ndipo penye somo la juma hili. Kosa halikuwa mkanda. Kosa lilikuwa tarehe. Mtu anaweza kuvumilia kidogo kwa muda mrefu iwapo anajua atavumilia kwa muda mrefu. Ukimwambia miezi sita, mwezi wa saba anaanza kujiita mshindwa. Richard Burton alifika Tabora mwaka 1857 siku ya 134 tangu alipoondoka pwani. Stanley mwaka 1871 alitumia siku 84. Wote wawili walifika Tabora hiyo hiyo, na hakuna mtu wa Kwihara aliyemfungia Burton mlango kwa kuwa amechelewa.

Wapagazi hawakuwa na mkanda wa silikoni, lakini walikuwa na vitu vitatu ambavyo dada hakuwa navyo. Walikuwa na kipimo, kibaba cha kila siku, si leo kufunga kesho kulipiza. Walikuwa na mpango wa saa mbaya, ile tirikeza. Na walikuwa na wenzao. Msafara uliongozwa na kirangozi mbele na ngoma yake, na kambini walikaa makundi makundi, chungu kimoja, wakipika pamoja. Dada yangu alikuwa anakula peke yake jikoni Muscat, amesimama, akiogopa kuonekana. Na alipokuja kwao, mahali pa kambi, ndugu yake akamfanya kichekesho.

Kabla hajaondoka tulikaa tukapanga. Saa yake mbaya ni saa nne usiku, watoto wakishalala na nyumba ikiwa kimya. Tukakubaliana kwamba chakula cha jioni kianze na samaki, mayai au kunde, maana hivi hukaa tumboni, wali uje mwisho kama nafasi ipo. Asinywe maji pamoja na chakula. Akae chini, ale taratibu, aache anaposikia kifua kinajaa. Na saa nne ikifika, kabla hajafungua friji, anipigie mimi. Kama ni njaa ya kweli, ale kidogo alichokwisha kipanga, bila aibu. Kama ni upweke, tutaongea mpaka upungue. Hilo la mwisho lilikuwa toba yangu.

Juu ya kukaza mkanda mpaka mwisho, nilimwomba kitu kimoja tu, kwamba amweleze daktari ukweli wote, pamoja na yale aliyokuwa akiyaficha, kutapika usiku na aisikirimu. Alirudi Muscat akasema yote. Daktari hakukaza. Alitoa maji kidogo. Dada alinipigia akilia, akidhani ndiyo mwisho. Majuma mawili baadaye akanipigia tena, akasema amekula kipande cha kuku kwa mara ya kwanza tangu miezi mitatu, kikapita, na usiku ule alilala bila kusimama mbele ya friji.

Tangu siku ile zimepita siku nyingi. Amepungua kilo 3 nyingine. Si habari ya kupigiwa ngoma, na kuna juma moja mizani ilipanda badala ya kushuka. Njaa anayo bado. Ila haiiti tena kosa lake, na saa nne usiku simu yangu inalia. Mara nyingine anasema neno moja tu, "Tirikeza," nami najua kwamba leo amepanga vema. Mara nyingine hasemi kitu, namsimulia habari za mjini mpaka apige miayo.

Wewe uliye na ndugu anayepigana na mwili wake, awe anataka kupungua au anatafuta kunenepa, ukimkaribisha chakula mwekee sahani, mpe nafasi ya kukaa, kisha zungumza habari nyingine. Usihesabu tonge zake. Na wewe dada, najua leo unasikiliza huko uliko. Naomba radhi kwa yale ya mezani. Umeshavuka Ugogo. Tembea mwendo wako.

Hadi juma lijalo, kwaheri.